"Kodi zote juu ya mnunuzi": kisa cha kiwanja cha familia Majengo, Moshi

Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Kifungu cha tisa kilikuwa na mstari mmoja tu: "Kodi zote zitakuwa juu ya mnunuzi." Siku ya kusaini hakuna aliyeusoma mara mbili. Mstari huo peke yake ulibeba shilingi milioni 29.24, na ndio tunaouchambua hapa.

Kisa chenyewe kimeundwa kwa ajili ya hesabu: familia, muuzaji na bei si vya mtu yeyote anayejulikana. Viwango vya kodi na taratibu za kuhamisha hati ni zile za Tanzania Bara.

Wanunuzi ni ndugu watano, wazazi wao wakiishi Kibosho. Wawili wako Dar es Salaam, mmoja Arusha, mmoja Mwanza, na kaka mkubwa yuko Moshi. Kihamba cha nyumbani, yaani shamba la ukoo, hakigusiki, hilo walikubaliana mapema. Walichotaka ni mali ya mjini ya kuwatunza wazazi, iwe ya familia nzima, isiwe ya mtoto mmoja. Wakakubaliana kuanzisha udhamini wa familia, au trasti kama wengi wanavyoiita, na bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Mali waliyoipata ipo Majengo: kiwanja kimoja kilichopimwa chenye hati, mbele fremu sita za biashara, nyuma nyumba ya kuishi iliyokaliwa na wapangaji tangu 2015. Muuzaji ni kampuni iliyosajiliwa kutoza VAT, yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani. Bei ni shilingi milioni 200. Ndugu walikuwa wamechanga milioni 210, na ile kumi ya juu walidhani inatosha kwa wakili, mthamini na ada za ardhi.

Yote hayo yalitokea Desemba, wakati wa Krismasi, Wachaga wanapopanda nyumbani kutoka kila pembe ya nchi. Ndugu wote watano walikuwa mezani pamoja, jambo ambalo lisingetokea tena kwa mwaka mzima. Katiba ya udhamini ilikuwa bado rasimu. Dalali akasema yupo mteja mwingine anayesubiri. Dada wa pili akatoa wazo lililoonekana la busara: "Kaka, wewe andika jina lako tu, tutahamisha kwenye trasti baadaye." Tarehe 28 kaka mkubwa akasaini kama mnunuzi, ikalipwa milioni 140, na milioni 60 zikabaki kulipwa ndani ya miezi mitatu.

Katikati ya Januari barua ikaja kutoka kwa mhasibu wa muuzaji: mnunuzi anadaiwa VAT ya asilimia 18 ya bei yote, yaani milioni 36, pamoja na kodi ya ongezeko la mtaji, "kwa mujibu wa kifungu cha tisa".

Neno moja, madai sita

Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa vitu ambavyo sheria inavitenga kabisa. Kodi ya fremu ni pango. Kodi ya ardhi ni pango pia, linalolipwa serikalini kila mwaka na mwenye hati. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021. Halafu kuna kodi zinazozaliwa na mauziano yenyewe: VAT, kodi ya ongezeko la mtaji, na ushuru wa stempu. Mkataba unapoandika "kodi zote", umezifunga zote sita kwenye furushi moja na kumtwika anayesaini upande wa pili.

Mkanganyiko mwingine hutokea zaidi kwa watu wazima. Wengi bado wanasema "kodi ya mauzo". Kodi yenye jina hilo ilikuwepo kweli, ikaondolewa VAT ilipoanza Julai 1998. Leo mtu akisema "kodi ya mauzo ya kiwanja", mara nyingi anamaanisha ile inayotozwa kwenye faida ya muuzaji. Kibaya zaidi, VAT kwa Kiswahili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, na ile ya faida ni kodi ya ongezeko la mtaji. Maongezeko mawili, walipaji wawili, na mahesabu yasiyofanana hata kidogo. Muuzaji akikuambia "kodi ya ongezeko nimeshalipa", muulize ni ongezeko lipi, kisha akuonyeshe risiti. Risiti za LUKU hazithibitishi lolote katika hayo.

VAT: milioni 36, milioni 21.24, au milioni 18?

Swali la kwanza kwenye VAT ya mali isiyohamishika ni nani anauza. Asiyesajiliwa VAT hatozi VAT, hata auze jengo la biashara. Kizingiti cha usajili tangu Julai 2023 ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12. Muuzaji wetu amesajiliwa, kwa hiyo tunaingia swali la pili: anauza nini hasa.

Ardhi tupu imesamehewa. Nyumba ya kuishi imesamehewa pia, isipokuwa ile mpya inayouzwa kabla haijakaliwa vya kutosha. Hii ya Majengo imekaliwa tangu 2015, haina shida. Jengo la biashara halina msamaha, linatozwa asilimia 18. Sheria haimlazimishi mtu kuchagua jina moja kwa kiwanja kizima. Inasamehe kwa kiasi ambacho mali inahusu makazi. Basi kiwanja chenye fremu mbele na nyumba nyuma hugawanywa.

Hapo ndipo mhasibu wa muuzaji alipokosea. Alichukua milioni 200 yote akazidisha kwa asilimia 18. Familia ikamtumia mthamini aliyesajiliwa, wakamwomba kitu kimoja ambacho watu husahau kukiomba: ripoti itenganishe thamani ya fremu na ardhi yake upande mmoja, nyumba na ardhi yake upande mwingine. Matokeo: fremu milioni 118, nyumba milioni 82. Ripoti isiyotenganisha ingewaacha wakibishana kwa maneno matupu.

Msingi ukashuka kutoka milioni 200 hadi 118. Sasa asilimia 18 inaingiaje? Mkataba usiposema lolote kuhusu VAT, bei iliyokubaliwa huhesabiwa kuwa tayari ina VAT ndani yake. Unachukua 118, unagawanya kwa 118, unazidisha kwa 18: VAT ni milioni 18, na thamani halisi ya fremu ni milioni 100. Muuzaji ndiye anayeitoa milioni 18 kwenye fedha alizopokea. Lakini mkataba huu haukunyamaza. Kwa kifungu cha tisa muuzaji alikuwa na hoja kwamba VAT iko juu ya bei: 118 mara asilimia 18, yaani milioni 21.24, ikiongezwa kwenye milioni 200. Laiti kifungu hicho kisingeandikwa kabisa, familia ingekuwa salama zaidi.

Kwa nini barua ilifika Januari na si siku ya kuhamisha hati? Kwa sababu VAT haisubiri hati. Huiva kwa kinachotangulia kati ya ankara, malipo hata ya sehemu, na mauzo yenyewe. Malipo ya milioni 140 ya Desemba tayari yaliamsha wajibu, na ritani ya VAT ya Desemba mwisho wake ni tarehe 20 Januari. Mhasibu alikuwa anakimbizana na tarehe.

Udhamini hausamehi

Baadhi ya ndugu walikuwa wakijifariji: "Tukishasajili trasti, kodi hizi zitafutika." Wazo hili limeenea kwa sababu bodi za makanisa na misikiti husajiliwa kwa sheria hiyo hiyo ya udhamini, na watu wameona taasisi hizo zikipata nafuu fulani. Nafuu hizo hutokana na kazi za dini au hisani na masharti yake, hazitokani na cheti cha RITA. Sheria inaruhusu watu waliounganishwa na undugu kusajili wadhamini wao, lakini kwa kodi udhamini wa familia ni mlipakodi kama wengine. VAT ya fremu ni ile ile akinunua kaka, ikinunua kampuni, au ikinunua bodi.

Je, bodi inaweza kuidai VAT irudi? Ingeweza kama ingekuwa imesajiliwa VAT na inapangisha fremu kwa VAT. Fremu sita kwa shilingi 250,000 kila moja kwa mwezi ni milioni 18 kwa mwaka, mbali kabisa na kizingiti cha milioni 200. Kwa familia hii VAT ni gharama, hairudi.

Kodi ya ongezeko la mtaji

Hii ni ya muuzaji. Mkaazi hulipa asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, kubwa kati ya hizo mbili. Kampuni hii ina vitabu: gharama iliyobaki baada ya kutoa uchakavu ni milioni 120. Kama VAT imo ndani ya bei, mapato ya muuzaji ni milioni 182, faida 62, kodi milioni 6.2. Kama VAT iko juu, mapato ni 200, faida 80, kodi milioni 8.

Kwa nini mnunuzi ajali kodi ya mwenzake? Kwa sababu Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila cheti cha TRA, mamlaka ya mapato, kuonyesha kwamba kodi hiyo imelipwa au haidaiwi. Muuzaji akishapokea shilingi ya mwisho akatulia, anayekosa hati ni mnunuzi. Ndiyo maana wanunuzi wengi huishia kuilipa ili mambo yaende, na vifungu kama kile cha tisa vikazoeleka mpaka vikaonekana ndio utaratibu. Tunaona ni desturi mbaya. Tena kodi ya muuzaji inayolipwa na mnunuzi ni sehemu ya bei kwa jina lingine, na TRA ina sababu ya kuitazama hivyo.

Jumla ya kifungu cha tisa, basi: 21.24 na 8 ni milioni 29.24. Ushuru wa stempu, asilimia 1, milioni 2, hauumo, maana huo kwa kawaida ni wa mnunuzi hata pasipo kifungu hicho. Hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini, na hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu yake.

Pia mtaani wakaambiwa kuna "asilimia kumi ya serikali ya mtaa". Hakuna sheria ya kodi inayoitaja. Hawakulipa.

"Tutahamisha baadaye"

Hili ndilo tunalotaka kila familia ilielewe kabla ya kukaa mezani. Kuhamisha kutoka kwa kaka kwenda kwa bodi ni uhamisho kamili, wa pili, wenye maisha yake ya kodi. Ofisi ya ardhi haioni familia moja. Inaona mtu mmoja anampa mwingine ardhi. TRA nayo ikiona ardhi imetolewa bure huhesabu kana kwamba imeuzwa kwa bei ya soko.

Tuseme kaka angesajiliwa kwanza, akalipa milioni 200 na stempu milioni 2, kisha baada ya miezi minane akahamisha kwa bodi na mthamini akaipa mali milioni 210. Stempu ya pili ni milioni 2.1. Akiwa na risiti zote, faida ni 210 kutoa 202, yaani milioni 8, na kodi yake ni shilingi 800,000. Asipokuwa nazo, ni asilimia 3 ya milioni 210: milioni 6.3, kwa mali ambayo hakuna aliyepata hata senti. Ongeza uthamini wa pili, ada za kibali na usajili mara ya pili, na safari.

Na hizo ni fedha tu. Mali ikiwa kwa jina la kaka, mke wake ana haki ya kusikilizwa, na ridhaa yake itahitajika pale ambapo ardhi inahesabiwa kuwa ya ndoa. Kaka akifariki kabla ya uhamisho, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake: wanawe ni warithi, ndugu zake wanne wanabaki wakieleza kwa mdomo kwamba walichanga. Tumeona ni rahisi kusema "sisi hatuwezi kufikia huko". Karatasi ndizo zinazowasaidia watu wema wabaki wema.

Namna walivyotoka

Bahati yao ilikuwa moja: fomu za uhamisho zilikuwa hazijapelekwa popote. Kilichosainiwa ni mkataba tu, na milioni 60 zilikuwa bado mikononi mwao. Wakili wa familia akaomba kikao, akaenda na ripoti ya mthamini. Muuzaji alikuwa anazihitaji fedha haraka. Makubaliano yakawa: familia ilipe milioni 60 bodi itakaposajiliwa na fomu kusainiwa, bila kungoja miezi mitatu iishe, na muuzaji akubali VAT iwe ndani ya bei. Mkataba wa Desemba ukavunjwa kwa maandishi, ukasainiwa mpya ambao mnunuzi ni bodi, na milioni 140 zikatambuliwa kuwa malipo ya awali ya bodi.

Kabla ya hapo kazi ya RITA ilibidi ikamilike. Hati ya udhamini ikaandikwa upya: wadhamini watatu, wanufaika ni wazazi na baada yao watoto wote watano kwa usawa, nani anaweza kuuza na kwa idhini ya nani, mdhamini akifa anachaguliwaje mwingine. Suala la uraia lilijibiwa mapema, maana mdhamini au mnufaika aliyechukua uraia wa nje huibua swali la sheria ya ardhi kabla hata ya swali la kodi. Muhtasari wa kikao cha kuwachagua wadhamini ukaambatanishwa. Cheti kilipotoka, bodi ikachonga lakiri (muhuri wake rasmi), ikachukua TIN yake, namba ya mlipakodi, TRA na kufungua akaunti ya benki. TIN ya kaka haitumiki kwa mali ya bodi. Michango ya kila ndugu ikaorodheshwa na stakabadhi za benki, na hati ikasema wazi kwamba aliyechanga zaidi hapati hisa kubwa zaidi. Kwa familia hii hilo lilikuwa gumu kuliko kodi zote, na vyema lilisemwa.

Kisha taratibu za ardhi: upekuzi wa hati, kuthibitisha namba ya usajili wa VAT ya muuzaji, stakabadhi za pango la ardhi hadi mwaka huo, uthamini ulioidhinishwa, fomu namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali na namba 35 ya uhamisho wenyewe, zikiwa na lakiri ya bodi na saini mbele ya wakili. Muuzaji akalipa TRA kodi ya ongezeko la mtaji na kupata cheti, bodi ikalipa stempu. Milioni 60 zilikaa kwa wakili mpaka cheti cha TRA, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na ankara ya kodi yenye VAT ya milioni 18 vilipowekwa mezani.

Kifungu cha tisa kipya kilisomeka hivi:

"Bei ya shilingi 200,000,000 inajumuisha VAT yote inayohusu fremu. Muuzaji atalipa VAT, kodi ya mapato itokanayo na mauzo haya, pango la ardhi, kodi ya majengo na malimbikizo yote hadi tarehe ya makabidhiano. Mnunuzi atalipa ushuru wa stempu na ada za kibali na usajili. Kodi ya pango iliyolipwa na wapangaji kwa muda baada ya makabidhiano itarejeshwa kwa mnunuzi."

Sentensi ya mwisho ilileta fedha ambazo hakuna aliyezitarajia. Wapangaji watatu wa fremu walikuwa wameshalipa miezi sita mbele kuanzia Januari, na makabidhiano yalifanyika mwisho wa Machi. Miezi mitatu, fremu tatu, shilingi 250,000: milioni 2.25 zikarudi kwa bodi.

Tangu hapo bodi ina wajibu wa kila mwaka. Faida ya pango baada ya gharama hutozwa asilimia 30 mikononi mwa udhamini, na asilimia 10 ya kodi ya zuio ambayo wapangaji wa biashara hukata kwenye pango na kuipeleka TRA hupunguzwa kwenye deni hilo, kwa hiyo vyeti vya zuio hukusanywa kwa kila mpangaji. Kinachogawiwa wanufaika waishio nchini baada ya hapo hakitozwi tena. Jalada linakaa Kibosho kwa mama, ndani ya sanduku la bati, na nakala Arusha: mkataba, ripoti ya mthamini, ankara, risiti, stempu. Ni karatasi hizo zitakazoonyesha gharama ya milioni 202 siku bodi itakapotaka kuuza, maana bodi inayowasilisha ritani kila mwaka haiwezi kusimama TRA ikasema haina vitabu.